Mfereji wa Caledonian kwa mara ya kwanza: loki zisikutishe, Loch Ness uiheshimu

*“Sisi ni marafiki sita, na mwishoni mwa Mei tumepanga kukodi boti wiki nzima huko Uskoti, tuupite Mfereji wa Caledonian kutoka Fort William hadi Inverness halafu turudi. Mmoja wetu amewahi kuendesha boti ndogo mara mbili, waliobaki hatujawahi kabisa, na wawili hatujui kuogelea. Nimetazama video za boti zikiwa ndani ya loki, vile vyumba vya kupandishia na kushushia boti, maji yanafoka na kamba zinakaza, tangu hapo sina raha. Mwenzetu mmoja anasema mfereji ni maji ya bwawa tu, ukianguka unasimama. Mwingine anashikilia kwamba bila leseni tutakamatwa. Mimi ndiye niliyetoa wazo la safari hii, na likitokea la kutokea nitajilaumu. Je, twende au tukodi gari? Tukienda, tupite zile loki nane za Banavie?”*

Ndugu yangu, nendeni. Nimefundisha watu kuendesha boti kwenye mfereji huu kwa misimu mingi, na wengi walikuja kama ninyi: kundi la marafiki, mtu mmoja mwenye uzoefu kidogo, na mmoja aliyebeba wasiwasi wa wote. Kwenye kundi lenu huyo wa mwisho ni wewe. Ila wasiwasi wako umeuelekeza mahali pasipo penyewe. Unaziogopa loki, ambako kutakuwa na mlinzi amesimama juu yenu, maji yamezungukwa na kuta na mwendo wa boti ni sifuri. Ziwa la Loch Ness hujalitaja hata mara moja, na huko ndiko ninakotaka uzipeleke fikra zako.

Jina “mfereji” ndilo linalowapotosha watu. Kutoka Corpach karibu na Fort William hadi Clachnaharry, Inverness, ni kilomita 97 hivi, na katika hizo zilizochimbwa kwa mikono ya watu ni kama 35 tu. Zilizobaki ni maziwa ya asili: Loch Lochy, Loch Oich, Loch Ness, na Loch Dochfour iliyo ndogo. Yote yamejipanga kwenye mstari mmoja kwa sababu yamelala juu ya ufa mkubwa wa ardhi uitwao Great Glen, unaoikata Uskoti kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki kana kwamba umepigwa rula. Thomas Telford, akishirikiana na William Jessop, alianza kazi ya kuyaunganisha mwaka 1803, na njia ikafunguliwa 1822. Nia ilikuwa kuziepusha meli na bahari mbaya ya ncha ya kaskazini, na pia kuwapa kazi watu wa nyanda za juu waliokuwa wakihama kwa wingi. Nayataja haya kwa sababu moja: hii ilijengwa iwe njia ya meli. Loki zake ni kubwa, madaraja yake ya kugeuka ni makubwa, na vyote vinaendeshwa na wafanyakazi wa mfereji. Hutashika geti wala kugusa kilango cha kuingizia maji. Kazi yenu ni kamba tu.

Huyo anayesema mtasimama mkianguka, mwambieni taratibu kwamba hata sehemu iliyochimbwa ina kina cha kama mita 4, na Loch Ness inateremka hadi mita 230 hivi. Kingo zake zimesimama wima kiasi kwamba mahali pengi, si mbali na ufuko, nanga tayari haifiki chini. Maji yaliyomo humo yanazidi ya maziwa yote ya Uingereza na Wales yakiwekwa pamoja.

Sasa upepo. Chukua ramani uitazame Loch Ness: ina urefu wa kilomita 37, na upana wake mahali pengi ni kama kilomita moja na nusu. Kulia kuna milima na kushoto kuna milima. Upepo unaovuma sana huko ni wa kusini-magharibi, na bonde limeelekea huko huko, kwa hiyo upepo ukishaingia hauna pa kwenda ila kunyoosha moja kwa moja, ukizidi nguvu jinsi milima inavyoubana. Wimbi nalo hukuzwa na mambo matatu: nguvu ya upepo, muda ambao umevuma, na umbali wa maji ambayo umeyapita bila kizuizi. Hilo la tatu ndilo linalowanasa wageni.

Fikiria mmeshuka loki za Fort Augustus, mko kwenye kichwa cha kusini-magharibi cha ziwa, asubuhi. Upepo unatoka nyuma yenu, kutoka nchi kavu. Mbele yenu maji ni mepesi, yana vikunjo vidogo tu, na nahodha wenu anasema, “Mbona shwari?” Ni shwari kwa sababu pale upepo ndio kwanza unayagusa maji. Mnaondoka. Baada ya kilomita tano kuna viwimbi. Baada ya kumi na tano boti inaanza kuinuliwa tezi, yaani upande wa nyuma, na kuyumba. Mkikaribia upande wa Inverness, mawimbi yamesafiri ziwa zima, ni mafupi, yamesimama, yamekaribiana, na vikombe vinaanguka kabatini. Mkitaka kurudi inabidi mgeuze boti ubavu kwa mawimbi hayo, kisha muyakabili kwa omo, yaani upande wa mbele. Kwa hiyo usilipime Loch Ness kwa macho ukiwa Fort Augustus. Lipime kwa utabiri wa hali ya hewa, hasa wa saa nne zijazo, kwa sababu boti ya kukodi inakwenda kama kilomita 11 hadi 13 kwa saa, na kulivuka lote ni saa tatu hadi nne. Upepo ukiwa wa kaskazini-mashariki, jambo la kawaida majira ya kuchipua, mambo hugeuka: ubaya unahamia Fort Augustus, na safari inayoanzia upande wa Inverness ndiyo inayodanganya.

Kanuni yangu kwa watu wa mara ya kwanza ni hii. Utabiri ukisema nguvu ya 3 kwa kipimo cha upepo cha Beaufort au chini yake, nendeni. Nguvu ya 4, yaani kilomita 20 hadi 28 kwa saa, zungumzeni kwanza na kampuni iliyowakodisha pamoja na mlinzi wa loki, na mwende asubuhi mapema, maana mara nyingi upepo huamka kadiri mchana unavyosogea. Nguvu ya 5, fungeni kamba vizuri mpike chai. Kampuni nyingi zina mpaka wao, na ukiwa mkali kuliko wangu, fuateni wa kwao.

Njiani kuna mahali pa kujificha, lakini ni pachache. Ghuba ya Urquhart, karibu na magofu ya ngome ya Urquhart upande wa kaskazini, ina bandari ndogo, na ipo yapata theluthi mbili ya njia mkitokea Fort Augustus. Itieni alama kwenye ramani kabla ya kuondoka, na mkubaliane mapema ni hali gani itawafanya mwingie humo. Uamuzi uliofanywa mezani huwa mwema kuliko ule wa kupigizana kelele upepo ukivuma.

Jambo la pili ni baridi, na hapa nakuomba usome polepole kwa ajili ya hao wawili wasiojua kuogelea, na kwa ajili ya wale wanne wanaojua vilevile. Kilindini maji ya Loch Ness hukaa karibu nyuzi 6 mwaka mzima, ndiyo maana haigandi hata wakati wa baridi kali. Mwisho wa Mei hata tabaka la juu bado ni baridi sana. Mtu akitumbukia kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi 15, ngozi inapopoa ghafla mwili huvuta pumzi ndefu bila kuulizwa, kisha mtu huhema mbiombio na moyo hupiga kwa kasi. Pumzi ile ya kwanza ikivutwa uso ukiwa chini ya maji, ni maji yanayoingia. Hapo kujua kuogelea hakusaidii kitu. Hali hiyo hupoa ndani ya dakika moja hadi tatu. Baada ya hapo, kwa muda wa kama dakika kumi, vidole na mikono hupoteza nguvu kidogo kidogo mpaka mtu hawezi kushika kamba anayorushiwa. Kufa kwa mwili kupoteza joto, ambako ndiko watu wengi hukuwaza, huja baadaye sana, mara nyingi baada ya nusu saa au zaidi.

Ukishaelewa mpangilio huo, dawa yake inajieleza. Kinachohitajika ni kitu cha kuuinua uso juu ya maji katika zile dakika za kwanza, nacho ni jaketi la uokozi lililokwisha kuvaliwa. Lililo kabatini halivaliki ukiwa majini. Ombeni majaketi yenye uwezo wa newton 150, yale yanayomgeuza mtu uso ukaelekea juu, na kila moja liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Bila mkanda huo jaketi hupanda hadi masikioni na mtu huning’inia chini yake. Livaeni juu ya koti, si ndani yake, maana linapojaa hewa ndani ya koti lililofungwa hukaba kifua. Wekeni sharti moja lisilo na mjadala: anayetoka nje ya chumba boti ikiwa inatembea, amevaa. Kwenye loki, amevaa. Anayetoka usiku kwenda kuangalia kamba, amevaa, hata kama boti imefungwa gatini. Kwa niliyoyaona, watu hawaanguki sana katikati ya ziwa. Huteleza wanaporuka kutoka botini kwenda gatini, au wanaporudi gizani baada ya kunywa.

Mtu akianguka, ajilaze chali, kichwa nyuma, masikio yaingie majini, asihangaike kuogelea hadi pumzi itulie. Botini, anayemwona wa kwanza apaze sauti na amnyooshee kidole bila kuondoa macho, hata sekunde moja. Nahodha aweke gia fri mara moja, kwa sababu rafadha, lile panga linalozunguka na kuisukuma boti, iko tezi na inakata. Mrushieni boya. Mrudieni polepole omo ikielekea kwenye upepo, na mkimfikia injini ihakikishwe haizungushi kitu kabla ya kumpandisha kwa ngazi ya nyuma. Kama kumpandisha kunashindikana, mfungeni ubavuni uso ukiwa juu, pigeni simu 999 na muombe Coastguard, yaani walinzi wa pwani, au muite kwa redio chaneli ya 16. Loch Ness ina kituo chake cha boti ya uokoaji ya RNLI, shirika la hiari la uokoaji majini, upande wa Drumnadrochit, tangu 2008. Lifanyieni zoezi jambo hili siku ya kwanza kwa kutumia boya. Nusu saa inatosha.

Haya, turudi kwenye loki zako. Loki ni chumba cha mawe kilicho wazi juu, kina mageti mbele na nyuma. Mkitaka kupanda, mnaingia kwa chini, mageti ya nyuma yanafungwa, kisha mlinzi anafungua vilango vilivyo chini ya mageti ya mbele na maji ya juu yanajimimina yenyewe hadi chumba kilingane na ngazi ya juu. Hakuna pampu. Mageti yenyewe hayanyooki, hukutana kwa pembe, ncha ikielekea upande wa maji mengi, hivyo kadiri maji yanavyosukuma ndivyo yanavyozidi kubanana. Zamani mabaharia na walinzi waliyafungua kwa kusukuma miti iliyochomekwa kwenye vizungushio, wakizunguka kwa miguu. Tangu miaka ya 1960 yanaendeshwa kwa mashine.

Kule kufoka ulikokuona kwenye video ni kwa kupanda. Maji yanaingia kwa mbele, yanagonga chini, yanarudi juu na kuisukuma omo pembeni. Boti yenye tani kadhaa inataka kutembea, na ninyi mnaizuia kwa kamba mbili, moja ya omo na moja ya tezi. Mlinzi akiona mmelemewa hupunguza vilango. Kushuka ni kimya, maji yanaondoka kama yanavyoondoka kwenye beseni, na ukimya huo ndio unaomsahaulisha mtu. Naikumbuka sana siku moja Fort Augustus, boti ya marafiki watano ikishuka. Kijana wa tezi alikuwa ameizungusha kamba yake mara tatu kwenye chuma na kuifunga fundo zuri kabisa, kisha akatoa simu apige picha. Maji yakashuka, omo ikashuka, tezi ikabaki juu. Nilisikia kwanza sahani zikiteleza jikoni, kisha kamba ikaanza kulia, sauti nyembamba kama ya nyuzi za gambusi zikikazwa. Fundo lililobeba uzito wa boti halifunguki kwa vidole. Mlinzi alifunga vilango, akarudisha maji kidogo, kamba ikalegea, na kijana akaketi chini akiwa ametoka jasho. Hakuumia mtu. Kamba ingekatika ingewachapa, au chuma kingeng’oka.

Kwa hiyo shikeni hili kuliko lolote la loki: ndani ya loki kamba haifungwi, hushikwa. Izungushe kwenye chuma mara moja ili msuguano ukusaidie, ncha ibaki mkononi. Maji yakipanda, vuta kinacholegea. Yakishuka, achia kidogo kidogo. Usiizungushe mkononi wala kiunoni, usisimame juu ya kamba iliyojikunja, na usiweke mguu wala mkono kati ya boti na ukuta ukidhani utaizuia. Kazi hiyo ni ya dapra, yale maboya ya mpira yanayoning’inizwa ubavuni. Anayeshika kamba hapigi picha. Mtu wa tano au wa sita apewe kazi ya kupiga picha kwa niaba ya wote.

Fort Augustus kuna loki tano zilizoungana, ya chini inafunguka moja kwa moja kwenye inayofuata, na hapo utaona jambo ambalo naamini litakupendeza. Watu wawili wanakuwa juu ukutani na kamba, injini haitumiki, na boti inatolewa loki moja kuingizwa nyingine kwa kuvutwa kwa miguu, kama mtu anavyomwongoza ng’ombe mpole. Boti nzito namna ile, ikishaanza kutembea, inakufuata kwa kamba iliyolegea. Kijiji kiko pande zote mbili, watu wamekaa kwenye nyasi wakiwatazama. Nimeona wanaoziogopa loki kama wewe wakigombea kamba ya omo ilipofika safari ya kurudi.

Uendeshaji wenyewe una siri mbili tu za kuzijua mapema. Boti haina breki, husimama kwa kurudi nyuma, na huchukua muda, kwa hiyo anza kupunguza mwendo mbali. Pili, usukani hufanya kazi pale maji ya rafadha yanapoupiga. Ukiweka gia fri ukiwa unakaribia gati, boti inakwenda inakotaka na upepo unaichukua omo. Karibia polepole ukielekea kwenye upepo, ukitoa msukumo mfupi mfupi. Na ukigeuza, tezi ndiyo inayofagia upande wa pili, kwa hiyo atazamwe aliye nyuma. Kwenye mfereji mwendo wa juu ni kama kilomita 9 kwa saa, na mkipita boti zilizofungwa punguzeni zaidi. Kwenye Loch Oich pembeni kuna kina kidogo, fuateni maboya mekundu na ya kijani bila kukata kona.

Leseni: mwenzenu amekosea. Uingereza na Uskoti hazimdai mtu wa kawaida cheti cha kuendesha boti ya starehe, na kampuni huwapa mafunzo siku ya kukabidhiwa. Kinachodaiwa cheti ni kuitumia redio ya VHF, isipokuwa mwenye cheti akiwa anakusimamia au ukiwa katika dharura. Walinzi wa mfereji husikiliza chaneli ya 74, lakini hata simu yafaa kuwafikia. Ila kutodaiwa cheti hakumaanishi mafunzo ya saa moja gatini yanatosha. Ningependa wawili kati yenu, si huyo mmoja pekee, wachukue kozi ya siku moja ya RYA, chama cha waendesha boti wa Uingereza, ya kuendesha boti kwenye mifereji na mito. Wawili, kwa sababu nahodha naye anaweza kuugua, kuchoka, au kuwa yeye ndiye aliyeanguka majini.

Banavie sasa. Zile loki nane zinaitwa Neptune’s Staircase, zinapandisha boti kama mita 20, na kuzipita huchukua kama saa moja na nusu. Ni kazi ya fahari kuitazama. Lakini boti nyingi za kukodi haziruhusiwi kuzishuka, na huko chini kinachofuata ni loki za Corpach na bahari yenye kujaa na kupwa, mahali ambapo ninyi hamna shughuli. Isitoshe, kwenda mwisho hadi mwisho na kurudi ndani ya siku saba kunawafanya watumwa wa ratiba, na ratiba ndiyo inayowatoa watu Loch Ness siku ya upepo. Hapa ndipo ninapotofautiana na mpango wako. Kodini boti inayoanzia Laggan, katikati ya njia. Siku mbili za kwanza kaeni Loch Oich, na kama kumetulia, mshuke Loch Lochy hadi Gairlochy, mjifunze boti. Kisha nendeni Fort Augustus kupitia loki za Cullochy na Kytra, na hapo mkae hata usiku mbili mkingoja dirisha la hewa nzuri. Likifunguka, vukeni hadi ule mnara mdogo wa taa wa Bona, mlale Dochgarroch, mrudi siku inayofaa. Lisipofunguka, msivuke. Mtakuwa mmeona Kytra jioni, ambayo kwangu mimi ni loki nzuri kuliko zote, haina duka wala barabara kubwa, kuna miti na maji yametulia hadi milima inaonekana mara mbili. Banavie mwende kwa gari au treni, kituo kiko karibu kabisa na ngazi hiyo, na mlima Ben Nevis unaonekana nyuma yake mawingu yakiruhusu.

Mwisho wa Mei mna bahati ya mwanga: jua huchomoza karibu saa kumi na nusu alfajiri na giza halishuki hadi baada ya saa nne usiku. Msidanganywe na mwanga huo mkaendelea kutembea, loki zina saa zake za kazi, na uchovu haujali kama bado kunaonekana. Usubi nao huanza kipindi hicho, wadudu wadogo mno wenye kuuma kwa maelfu penye kivuli na utulivu. Penye upepo kidogo hawaruki, hivyo fungeni boti mahali palipo wazi. Na usiku ukiwa wa baridi, msiingize ndani jiko la mkaa hata kama linaonekana limezimika. Hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na chumba cha boti kilichofungwa hujaa upesi. Hakikisheni king’amuzi cha gesi hiyo kinafanya kazi kabla ya kupokea funguo.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Kama yeyote kati yenu ana ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilotulia, kifafa au pumu, aende kwa daktari wake aeleze kwamba anakwenda mahali penye maji ya baridi kali, kwa sababu ule mshtuko wa maji huushambulia moyo pia. Wawili wasiojua kuogelea wangefaidika kwenda bwawani na mwalimu mara tatu au nne kabla ya safari, lengo likiwa kuelea chali wakiwa wamevaa jaketi, wakijua linavyohisi. Na siku ya kukabidhiwa boti, kama baada ya maelezo nahodha wenu bado hawezi kuifunga gatini mara mbili mfululizo bila kelele, msiondoke. Mwambieni mwalimu arudie, au mlipie aende nanyi siku nzima ya kwanza. Hawatawacheka, huwa wanafurahi kuombwa. Mkiona bado hampo tayari, ziko boti za abiria zenye nahodha na wapishi zinazolala njiani kwenye mfereji huo huo, na mtaona maji yale yale mkiwa mmeketi.

Umeniambia likitokea la kutokea utajilaumu. Basi chukua jukumu dogo lililo wazi badala ya hilo kubwa lisilo na mipaka: kila asubuhi uwe wewe wa kusoma utabiri kwa sauti mbele ya wote wakati wa chai, na uwe na haki ya kusema “leo hatuvuki” bila kuombwa sababu. Kubalianeni hilo kabla ya kufunga mizigo.